Mwaminifu wa Stoo

Jumatatu, 9 Juni

Mtunza stoo ameondoka. Mama yake anaumwa, kaenda kwao na harudi tena. Namwombea mama wa watu apone, ila wapone huko huko, yeye na mwanawe.

Asubuhi nyapara alitusimamisha mbele ya rundo la kokoto. Akasema Jumamosi atachagua mtu wa kukaa stoo. Hataki msomi, hataki mwenye misuli. Anataka mtu mwaminifu. Neno hilo alilirudia, tena akatutazama mmoja mmoja. Nimelisikia vizuri. Anataka mtu wa dini.

Sasa nani hapa kazini wa dini kunizidi mimi? Nimebatizwa. Kweli, tangu nije huku kutafuta riziki sijatia mguu kanisani, lakini imani si maziwa kwamba itachacha.

Stoo nimeichungulia dirishani. Chumba cha bati chini ya ngazi, jua haliingii. Kuna kiti chenye mikono. Kuna ufunguo wenye kamba nyekundu, umetundikwa kwenye msumari. Mgongo wangu ulipokiona kile kiti ulitaka kulia. Nimebeba matofali mpaka asubuhi naamka kwa awamu, kwanza kichwa, kiuno kinafuata kikijisikia. Nikiendelea hivi nitarudishwa kwa mama watoto nimekunjwa kama shuka.

Jioni nilimpigia simu mama watoto. Nilitaka kumwambia kwamba naiomba kazi ya stoo. Ulimi ukateleza, nikasema nimeshaipata. Akasema hongera baba watoto, basi nitumie picha umeshika huo ufunguo nikamwonyeshe baba. Baba mkwe haamini kwamba mkono wangu unaweza kushika kitu kisichokuwa beleshi. Nimeahidi picha Jumamosi.

Mpinzani ninaye mmoja tu. Mkimya. Tunalala chumba kimoja na tunasukuma toroli moja. Usiku anakoroma kama mashine ya zege, asubuhi anakana. Yeye naye ni Mkristo, lakini dini yake huioni. Husali macho wazi. Hana nafasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza rasmi. Nyapara alipofika getini nilimwahi. Nikamwambia Bwana asifiwe, mpendwa. Akageuka nyuma kutazama huyo mpendwa ni nani. Dalili nzuri. Ameguswa.

Kisha saruji. Kabla ya kuchanganya nilisimama juu ya rundo la mchanga, mahali ambapo nyapara lazima anione, nikafumba macho nikaomba kwa sauti. Niliombea saruji. Niliombea mchanga na maji, kila kimoja peke yake, ili kusiwe na wivu. Nilimwombea nyapara kwa cheo chake, na mke wake anayeimbisha kwaya, na pikipiki yake iliyogoma kuwaka wiki iliyopita.

Fundi alikuwa juu ya jukwaa, mwiko mkavu mkononi, anasubiri. Akavuta kamba ya ndoo mara nyingi. Mwishowe akapiga kelele kuuliza kama huko chini tunachanganya au tunazika. Nilimsamehe hapo hapo, kwa sauti.

Nilipofumbua macho nyapara hakuwapo. Alikuwapo dereva wa lori, ameshika kofia yake kifuani, anangoja niondoe toroli njiani. Akasema amina, sasa sogeza.

Zege alikuwa ameshachanganya Mkimya. Peke yake. Tena bila hata neno moja la maombi. Nalihofia lile jengo.

Jumatano, 11 Juni

Leo Biblia. Nimeazima ya Mkimya, maana yangu nadhani iko kwa mama watoto, chini ya mguu wa kabati. Nikaiweka mfuko wa nyuma wa suruali. Ni nene. Nikiinama inanisukuma mbele, nikikaa inaniinua. Nimesukuma toroli kutwa nzima nimebinuka kama bata.

Mchana nikakaa chini ya jukwaa, nikaifungua, nikawa natikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na kila mstari. Nyapara akapita. Akauliza nasoma wapi. Mimi darasani sikufika mbali, na jasho lilikuwa limeniingia machoni. Nikamjibu nasoma habari za mtume wa kumi na nne. Akasema huyo yeye bado hajamfikia, nikimaliza nimsimulie.

Ameniomba nimfundishe! Bosi mzima! Kiti kile nakisikia mgongoni.

Mkimya naye yuko mbali kabisa na mambo ya rohoni. Kutwa anaokota misumari iliyopinda, anainyoosha juu ya jiwe, anairudisha kwenye kopo la stoo. Alasiri dereva wa lori alishusha mfuko mmoja wa saruji zaidi ya ule mzigo wetu, akaondoka. Mimi nikaona huo ni baraka, nikaukalia. Mkimya akaniomba ninyanyuke, akautupia begani, akalikimbiza lori mpaka kona. Alirudi mweupe kama mzimu, kwa vumbi la saruji. Nilimuuliza anakimbilia nini. Akasema, kaka, si wetu ule. Huyu ndiye anayetaka stoo, mtu wa kutoa mali badala ya kuitunza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunga.

Nilihakikisha kila mtu anajua. Kwenye foleni ya chakula nikafika mbele, nikapokea sahani, nikaiinua juu kidogo, nikaikataa. Mama Sufuria, anayetupikia, akauliza naumwa nini. Nikamwambia naumwa na kiu ya mbinguni. Akasema ya mbinguni hana, maji yako kwenye pipa, nisogee wengine wapite. Sahani nikampa Mkimya. Nilitegemea atakataa kidogo. Hakukataa hata kidogo. Akasema asante kaka, akamaliza kabla sijashusha mkono.

Saa za alasiri tumbo lilianza kuimba kuliko kwaya ya mke wa nyapara. Nikazunguka nyuma ya jiko. Sufuria lilikuwa limelowekwa nusu, ukoko umebaki pembeni. Nilikuwa nimeingiza kichwa na mkono mmoja niliposikia Mama Sufuria nyuma yangu akiuliza kama kufunga kwetu ukoko hauhesabiwi. Nilimjibu kutoka ndani ya sufuria kwamba namsaidia kusugua. Akasema basi nisugue yote. Nimesugua masufuria matatu na mgongo huu huu.

Shati langu lina masizi, saruji na mafuta. Sijalifua tangu wiki ianze. Mtu anayeshughulikia roho yake hana muda wa kola.

Ijumaa, 13 Juni

Siku kubwa. Mbingu zenyewe zilihusika.

Turubai ni zamu yangu wiki hii. Yaani mawingu yakikusanyika, mimi ndiye wa kufunika saruji. Baada ya chakula mawingu yakaja, meusi. Nyapara akaniita kwa kidole, akaonyesha juu, akaonyesha mifuko, akaenda ofisini kwake. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza mchezo. Kufunika kwa turubai, kila mtu anaweza. Nikapiga magoti mbele ya mifuko, dirisha la ofisi likinitazama, nikainua mikono, nikaikemea mvua. Niliikemea kwa jina lake na kwa majina mengine.

Ikaja.

Haikuja kwa matone, ilikuja kwa ndoo. Niliendelea kukemea. Mtu wa imani harudi nyuma. Nikasikia kitu kinaburutwa, mara giza. Mkimya alikuwa ametufunika kwa turubai, mifuko pamoja na mimi. Akafunga kamba kwenye matofali huku namsikia ananong'ona, Baba, shikilia upepo kidogo nimalizie fundo hili. Ndiyo maombi yake hayo. Hata amina hakusema.

Nilipotoka chini ya turubai nyapara alikuwa amesimama kwenye mvua. Nikamwambia mpendwa, umeona, nimeomba saruji ifunikwe na imefunikwa. Akauliza nani aliyefunga mafundo. Nikasema tusigawanye utukufu. Akaingia ndani akijifuta uso. Nafikiri alikuwa analia, ila kwa mvua ile huwezi kujua.

Mfuko mmoja wa pembeni umeloa, umeshaanza kuwa jiwe. Ni ule niliokuwa nimeuegemea.

Chumbani nilimuuliza Mkimya, kwa wema tu, kwa nini hafumbi macho akisali kama watu. Alikuwa anakamua shati lake. Akasema, ndugu yangu, mimi muda wa kusali ninao wakati nyundo iko mkononi, nikifumba macho nitajigonga kidole. Namhurumia. Kesho itamuuma.

Jumamosi, 14 Juni

Nyapara ametoa ufunguo.

Nilikuwa nimesimama mbele, nimechana nywele, mkono umeshanyooka. Kamba nyekundu ikanipita puani ikaenda kwa Mkimya. Fundi akapiga makofi na mwiko. Mama Sufuria akapiga vigelegele akiwa na mfuniko mkononi.

Nilimfuata nyapara ofisini. Nilimwambia kwa heshima, mzee, pengine umechanganya sura. Nikamkumbusha sala, Biblia, kufunga, mvua. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema yeye alitangaza anataka mwaminifu, mimi nikamletea muumini. Akasema waumini anao wengi, hata yeye ni muumini, lakini asubuhi moja anataka kuhesabu misumari aikute. Akasema pia kwamba Mungu hakuwa amepangwa zamu ya turubai, mimi ndiye niliyekuwa nimepangwa.

Nikamuuliza hayo maneno mawili yanatofautianaje. Akaniambia nikakae nilifikirie hilo mahali penye utulivu. Akafungua droo, akanipa ufunguo. Wa choo. Wiki nzima ni mimi wa kukisafisha, fidia ya mfuko ulioloa.

Lakini ni ufunguo! Nikamwomba Mkimya anipige picha nimeushika, kifua mbele. Akanipiga, akauliza kama nataka kutabasamu. Mama watoto alijibu upesi. Amefurahi, baba yake ameiangalia mara mbili, ila anauliza kwa nini nyuma yangu kuna ndoo na brashi yenye mpini mrefu. Nikamjibu ni vifaa vya stoo. Akasema sawa, na yule anayecheka kwenye kioo cha dirisha ni nani. Nikasema msaidizi wangu.

Jumapili, 15 Juni

Mkimya aliniamsha twende kanisani. Nikamwambia aende tu, anisalimie watu. Nimetumikia tangu Jumanne bila kupumzika, na mtumishi naye ni mwili. Nimelala hadi jioni.

Jumatatu, 16 Juni

Habari kubwa. Kwa kuninyima stoo, nyapara ameniachia heshima nyingine na hajui.

Mama Sufuria amelemewa. Anataka mtu wa kumsaidia kugawa chakula. Kukaa kivulini, karibu na sufuria, mwiko mkononi, na mwisho wa foleni kilichobaki ni chako. Ametangaza mwenyewe mbele ya wote, na sifa ni moja tu. Anataka mtu msafi. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya choo, nikaiweka chini taratibu. Alikuwa ananitazama mimi alipolisema hilo neno, tena akaziba pua, nadhani kwa kuzuia chafya.

Msafi. Kazi hii imeandikwa jina langu. Moyo wangu hauna kinyongo na mtu, hata Mkimya nimemsamehe kile kiti, na leo kanikaribisha nikikalie mchana. Kesho kwenye foleni nitaanza kuungama dhambi zangu hadharani, ndogo ndogo kwanza, sauti ya juu, nikiangalia upande wa jiko. Hadi Ijumaa nitakuwa msafi kuliko wote.

Nimemweleza Mkimya mpango. Amenisikiliza hadi mwisho, akaenda kwenye begi lake, akaniletea kipande cha sabuni. Nimemrudishia. Mambo ya rohoni huyu mtu hatakuja kuyaelewa.