Roketi Iliyovishwa Koja

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya baba mkwe. (Mtarajiwa. Mchana wa leo sikujua kama atanitarajia tena.) Naandika nimesimama, maana kukaa nimeshindwa.

Mnajua nafundisha fizikia sekondari hapa Ukonga. Mzee Shomari, baba yake Mwanaidi, ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Posa yangu ilikuwa kwake tangu kabla ya Ramadhani na alikuwa hajajibu, si ndiyo si hapana. Leo kwenye siku ya sayansi yeye ndiye alikuwa mgeni rasmi. Nikasema leo atamjua anayemtaka binti yake.

Nikaandaa roketi. Mwili bomba la karatasi ngumu, mabawa ya mbao nyepesi. Injini zake, vibomba vilivyoshindiliwa baruti, nilizipata Kariakoo kwa muuza mitumba (siku hizi kila kitu ruksa). Zilikuwa mbili, ndogo na kubwa, kila moja imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Nikaipima roketi kwenye mizani ya duka la jirani. Injini ndogo iliimudu, kwa chupuchupu. Kubwa ingeitupa mbali, na majirani zetu ni gereza. Nani abishe hodi pale kuulizia roketi? Nikaweka ndogo.

Tangu asubuhi sikutulia. Nimezunguka uwanja, nimeshika waya wa kuwashia roketi, nimeuachia, nimeushika tena. Mkuu wa shule akaniuliza, "Mwalimu, jana ulikula nini?"

Mgeni rasmi akafika. Kina mama wa kamati wakamvisha koja la asumini, nene, limeloweshwa maji lisinyauke. Hotuba zikaisha, akaja kwenye roketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hii? Mbona iko uchi?"

Akavua koja lake, akaivisha. Watu wakapiga makofi.

Pale uwanjani hakuna aliyejua kuliko mie kitakachotokea. Nikafungua mdomo. "Mzee, huo uzito..."

"Uzito gani, asumini hii?"

"Hapana, mzee. Imependeza."

(Imependeza! Chuo nilienda kusomea nini?)

Wanafunzi wakahesabu. Nikagusisha waya kwenye betri. Roketi ikavuma, ikapanda mpaka usawa wa paa la darasa, ikasita kama mtu aliyesahau funguo, ikageuka. Ikaja meza kuu na koja lake, inatoa moshi. Kamati nzima ikaingia chini ya meza. Mzee Shomari peke yake alibaki kwenye kiti, nadhani kwa sababu ya heshima. Roketi ikajichomeka kwenye sinia la pilau, ikazima.

Nikashusha pumzi. Nilisahau kwamba injini hizi zikishaungua hupiga mlipuko mdogo wa mwisho, wa kufungulia mwavuli roketi ishuke taratibu. Ukapiga. Mwavuli ulifunguka vizuri sana. Pilau likaenea kwenye kanzu, kwenye kofia, na kipande cha nyama kikakaa begani kwa mzee.

Akajipangusa polepole.

"Mwalimu, ulijua itaanguka?"

"Nilijua, mzee."

"Ukanyamaza."

"Nilikuonea haya, mzee."

Akaondoka bila kuaga. Mie nikarudi chumbani kuanza kutembea, mlango, dirisha, mlango, mpaka jioni hii mshenga wangu, Mzee Athumani, alipobisha hodi. Hakukaa. Nilitaka kumkaba aseme haraka.

"Amekubali," akasema.

"Amekubali nini?"

"Posa. Anasema kwake mkewe hanyamazi, na Mwanaidi ndiyo kabisa. Alikuwa anatafuta mtu wa kuwaweza. Leo kaona hayupo, bora achukue anayejua kunyamaza."

Naombeni msicheke. Nimeposa mke, nimejibiwa kama mtu aliyeomba kazi ya kuitikia.