Gwaride Bila Mizinga

Alhamisi, 21 Mei
Bibi anataka kitu kimoja tu: gwaride la kuzaliwa kwa Mfalme, mara ya mwisho. Marehemu Babu, askari wa Mfalme, alilishiriki mara kumi na moja, chini ya kofia ya manyoya ya dubu. Mara ya tatu alizimia kwa joto, akaanguka kama gogo bila kuachia bunduki. Bibi huisimulia siku hiyo zaidi kuliko harusi yao. Sasa macho yake yanaona vivuli tu. Daktari hakutaja mwaka ujao. Nimeahidi.

Gwaride ni Jumamosi, 13 Juni. Nimetazama orodha ya zamu: nimo kazini! Jumamosi ofisi yetu ya kusajili ndoa hujaa maharusi. Itabidi nimwombe ruhusa Bwana Thripp. Mungu wangu.

Ijumaa, 22 Mei
Barua ya ruhusa tayari. Rasimu ya nne. Mistari sita, "tafadhali" tatu. Nikabisha hodi. Bwana Thripp akauliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kusifu tai yake. Akaitazama tai. Nikatoka. Tansley wa meza ya pili, ambaye tarehe 13 amepewa mapumziko, akaiona barua. "Lionel! Siku hizi unamwandikia bosi barua za mapenzi?" Nimeifungia kwenye droo.

Jumanne, 26 Mei
Mpango! Jumamosi hii sina zamu, na ndiyo siku askari wanafanya mazoezi ya gwaride. Farasi wale wale, bendi ile ile, makoti mekundu yale yale. Anayekosekana ni Mfalme tu. Bibi haoni. Mfalme nitampatia mimi.

Jumamosi, 30 Mei
Jua zuri ajabu. Bustanini miti imechanua. Mabata waligombea mikate yetu ya matango. Nikasukuma kiti cha Bibi mpaka kwenye kizuizi. Amevaa kofia ya bluu na nishani ya Babu. Bendi ilipopita, vidole vyake vilifuata hatua juu ya blanketi.

Akatokea ofisa juu ya farasi. Nikapaza sauti: Mfalme huyo! Mama mmoja mwenye chupa ya chai akageuka. "Mfalme gani, kijana? Leo si—" Nikamkanyaga mguu. Nikamwomba radhi. Naye akaniomba radhi. Bibi akapunga mkono, akauliza Mfalme yukoje. Nikasema amechoka kidogo, ila amempungia.

Kisha Bibi akainamisha kichwa upande, kama anayesubiri kitu. Nikasema mvua inakuja. Hapakuwa na wingu hata moja. Akasema haya, twende, asante mjukuu wangu.

Ushindi kamili!

Alhamisi, 11 Juni
Bibi amefariki alfajiri, usingizini. Nilifika kazini dakika nne kabla ya wakati. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 12 Juni
Jirani yetu, Bi. Odgers, ameleta keki. Akalia, nami nikalia. Nikasema angalau Bibi alimpungia Mfalme. Ndipo Bi. Odgers akanieleza. Siku ya gwaride lenyewe mizinga hupigwa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mke wa askari wa magwaride kumi na moja angekosaje kugundua kwamba haikupigwa? Bibi alikuwa anaisubiri mizinga. Aliporudi nyumbani, Bibi alimwambia Bi. Odgers, "Usimseme, jamani. Mtoto kahangaika na uongo wake mpaka shati limelowa. Nitajikaza nifike siku yenyewe, huenda akanipeleka."

Kwangu hakusema neno. Aliogopa kunisumbua.

Jumamosi, 13 Juni
Ndoa tisa. Saa saba kasoro mchana, redio ya Bwana Thripp ikaleta mizinga. Nikaisikia yote arobaini na moja huku nikiandika jina la bibi harusi. Chozi likaangukia wino. Bibi harusi akasema hajapata kuona karani mwenye moyo kama huu.

Bwana Thripp akaniita kando. Jana Tansley alifungua droo yangu akitafuta kalamu, akamwambia kuhusu barua. "Sasa si ungesema, kijana? Tansley huomba Jumamosi sita kwa mwaka, sijamnyima hata moja. Mdomo wako nao umeufungia kwenye droo?" Nikasema ndiyo, bwana. Asante, bwana. Sitarudia, bwana. Akauliza kama Bibi hajambo.

Nikasema hajambo.

Jumatatu, 15 Juni
Mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi. Nimeandika barua ya ruhusa. Rasimu ya tano ni nzuri sana, fupi, yenye heshima. Nimeifungia kwenye droo. Maana nilishasema hajambo.

Mpango! Jino linaniuma, eti. Nimeshika shavu tangu saa nne, ili kufikia Jumatano niaminike. Tansley kanishauri niweke karafuu.

Jioni Bwana Thripp akasimama mbele ya meza yangu. Akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia.

Nikamwambia tai inampendeza.