Dole Langu na Kamera ya Polisi

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaguliwa! Polisi wamesimika kamera kwenye nguzo, inatazama kichochoro cha wezi. Watu wakalalamika: leo wezi, kesho watatuchungulia vyumbani. Ikakubaliwa kamera haigeuzwi mpaka polisi aweke dole kwenye mashine, na raia mwaminifu aweke lake. Raia huyo mimi! Mke wangu kauliza kama waaminifu wote wamehama. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Fundi cherehani kanifunga tena drafti. Mara ya ngapi, sisemi. Eti nimpishe kiti cha bingwa, nilichokikalia tangu nina meno yote! Thubutu. Yule anaiba. Macho yangu hayafiki. Kamera inafika.

Jumatano, 5 Machi
Kituoni, anayekaa kwenye skrini ya kamera ni mpwa wangu konstebo. Nikamwambia benchi la drafti lina mhalifu sugu. Akasema mjomba, hairuhusiwi. Nikamkumbusha nani alimbeba mgongoni alipougua surua. Akaweka dole. Nikaweka langu. Kamera ikageuka kama shingo ya twiga!

Alhamisi, 6 Machi
Kanaswa! Nilipopiga chafya, kiwiko chake kikasukuma kete mbili. Nimeita mtaa mzima kituoni waone. Kinyozi kacheka mpaka kashika ukuta. Fundi kafyata mkia. Kiti kimerudi! Nimekikalia kutwa.
Jambo dogo: kamera ikiwa benchini, wezi wamepita kichochoroni na baiskeli ya maziwa ya mke wangu. Kasema bingwa atabeba madumu kichwani. Kasema na mengine.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa kituo, mama mkali, kauliza mbele ya watu: uwezo huu tulipewa kwa ajili ya wezi au drafti? Mpwa katupwa akalinde geti. Watu wakataka nitolewe. Nikasema, mwizi si nimemkamata? Nimebaki! Ila wameongeza dole la tatu, la kunichunga, la mtu asiyenipenda hata chembe. Fundi cherehani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebeba madumu tangu asubuhi. Shingo imezama mabegani. Jioni fundi kaja. Nikakunja ngumi. Kumbe kanong'ona: mzee, kinyozi anajitapa hana mvi, mimi nashuku anapaka rangi. Hivi kamera inafika dirishani kwake?
Nikamwambia: mwanangu, inafika popote madole yakipatana. Limebaki la polisi tu. Na yule mpya wa skrini, nasikia anapenda drafti. Kesho namwachia anifunge.