Kamishna Alipowika Kanisani

Marafiki, leo nimeaibika mbele ya kanisa zima. Na sina wa kumlaumu. Shimo nilichimba mwenyewe, nikaingia mwenyewe, tena nikiwa nimevaa nguo ya Jumapili.

Mnajua nafanya kazi kwa duka la fotokopi hapa Kakamega mjini, na jioni najifunza kuunda programu za kompyuta. Mama aliuza ndama ili ninunue laptop. Tangu siku hiyo, kila wikendi nikifika nyumbani Malinya, swali ni moja: "Lavenda, ile ndama imezaa nini?" (Anauliza ndama, haulizi laptop. Mama hasahau.)

Kwa hivyo nilitafuta kitu cha kumwonyesha. Kitu cha kushika.

Sasa, kuna hizi programu huria, zile za bure ambazo mtu yeyote duniani anaweza kufungua, akaona zilivyoundwa, kisha akaongeza chake. Nikapata moja ya alamu ya simu. Ina orodha ya kazi ndogo za sisi wanaoanza, na kazi moja ilisema: "Tunatafuta sauti halisi ya jogoo." Nikasikiliza jogoo waliyekuwa naye. Mlango usiotiwa mafuta! Nikasema, hii kazi imeandikwa jina langu.

Kwetu kulikuwa na jogoo anaitwa Kamishna. Alizunguka boma akiamrisha kila mtu na hakuna aliyejua kazi yake hasa. Lakini sauti? Ukiwa Malinya unamsikia, ukivuka mto bado unamsikia.

Wiki mbili zilizopita, alfajiri, niliweka simu kwenye dirisha la jikoni, nikawasha rekodi, nikarudi kitandani. (Mtafiti lazima apumzike.) Nilipoamka nikasikiliza mwanzo tu. Kokorikoo! Safi kabisa. Nikahamishia kwa laptop ili nikate kipande.

Hapa ndipo nilipokosea. Spika ya laptop yangu ilikufa zamani. Lakini ile programu ya kukatia inakuonyesha sauti kwa mawimbi: palipo na kelele, wimbi linapanda. Nikaona mawimbi mawili makubwa yamefuatana, la pili kubwa kuliko la kwanza. Nikajua Kamishna amewika mara mbili. Nikakata hapo, nikatuma.

Mwenye mradi ni jamaa anaitwa Pavel, yuko mbali huko kwenye baridi. Kama nilivyolelewa, nilimsalimia kwanza, nikauliza familia iko aje, nikauliza mvua, ndipo nikaeleza faili. Alijibu kwamba familia iko salama na faili iko katika muundo usiofaa. Nikarekebisha. Akairudisha tena. Nikarekebisha. Siku ya tatu akaandika: "Nzuri sana! Ile sehemu ya pili ni kali kweli. Tuiache?"

Nami, bila haya, nikamjibu: "Iache. Hiyo ndiyo huamsha nyumba yote."

Jana jioni toleo jipya likatoka. Jina langu ndani! Nilipiga kelele dukani mpaka mteja akaacha kitambulisho chake kwa mashine.

Leo asubuhi nikamwekea Mama kwa simu yake. Leo ilikuwa zamu yetu kumlisha Pasta Shiundu, na Mama alijiandaa kwa hii siku tangu mwezi uliopita. Hata makochi yalivalishwa vitambaa vipya. Mpango ulikuwa hivi: Kamishna (pumzika kwa amani) ameshapikwa, na saa tano unusu Mama atoke kanisani polepole, aende kupika obusuma, ugali wetu, uive kabla mgeni hajafika.

"Nitakuwekea alamu," nikamwambia. "Utasikia mwenyewe ile ndama imezaa nini."

Nikapandisha sauti hadi mwisho. Na kwa vile Mama ana tabia ya kuzima alamu bila kuangalia, nikawasha kile kipengele cha hesabu: haizimiki mpaka ujibu swali. (Naomba mnikumbushe nisiwe mwerevu tena.)

Saa tano unusu ilitukuta katikati ya maombi ya kimya. Macho yamefungwa. Hata watoto walikuwa wametulia.

KOKORIKOOO!

Kanisa lote lilishtuka. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Petro!" Watu wakaanza kucheka chini kwa chini. Nami nilikuwa natabasamu, najivuna, nangoja Kamishna awike mara ya pili.

Mara ya pili haikuwa Kamishna. Ilikuwa sauti ya Mama, kali, kutoka dirisha la jikoni.

"Nyamaza wewe! Piga kelele tu! Pasta akija utaingia kwa sufuria! Na vile huyo mtu anakulanga, hata shingo hatabakisha! Anatuambianga tufunge na kuomba, lakini akiona ingokho, akiona tu kuku, mkono unafika kwa bakuli kabla ya amina!"

Kumbe lile wimbi la pili! Kumbe nilimwambia Pavel aliache!

Mama alikuwa anachimbachimba kwa mkoba kama anayetafuta panya. Akaitoa simu. Akaibonyeza. Simu ikamwuliza hesabu. Miwani aliacha nyumbani.

Mhudumu wa kanisa akaniinamia. "Dada, hiyo simu ni ya kwenu?"

"Hapana," nikasema.

KOKORIKOOO!

(Naapa ilikuwa vile vile. Nilimkana mama yangu mzazi, na jogoo akawika.)

"Nyamaza wewe! Piga kelele tu! Pasta akija..."

Akina mama wa mstari wa mbele wakakusanyika juu ya ile simu. "Kumi na saba jumlisha nane!" mmoja akasoma. "Ishirini na nne!" Wakaandika. Simu ikakataa. Jogoo akawika mara ya tatu, na shingo yake isiyobakishwa ikatangazwa upya kwa waumini wote.

Ndipo sauti ikatoka madhabahuni, tulivu kabisa.

"Ni ishirini na tano, Mama Lavenda."

Ikazima. Pasta Shiundu akafunga Biblia, akafuta jasho, akasema tuendelee na maombi. Nani angeomba? Mabega ya kwaya nzima yalikuwa yanatikisika.

Mama alitoka bila kumwangalia mtu. Nilimkuta jikoni anasonga obusuma na machozi yanamtiririka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. "Hatakuja," alisema. "Nitawaambia nini watu? Pasta amekataa kula kwangu." Nilitamani dunia ipasuke. Ningempa Mama hata ndama wawili saa hiyo, lakini nilichokuwa nacho ni laptop isiyo na spika.

Tukapakua hata hivyo. Tukangoja.

Pasta alikuja. Alikuja na wazee wawili wa kanisa, akanawa, akaketi. Bakuli la Kamishna likawekwa mbele yake, na juu kabisa ile imondo, firigisi ya kuku, ambayo kwetu humwendea mgeni wa heshima. Mzee mmoja akaomba. Amina. Mkono wa Pasta haukusogea. Tukangoja. Bado. Mama alikuwa ameshika mlango.

"Mama Lavenda," Pasta akasema, "hiyo amina imefika kweli? Sitaki kurekodiwa tena."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha Pasta akachukua imondo, akaikata, na nusu akaniwekea mimi, msichana, mbele ya wazee! Nyanya yangu angezimia. "Ya fundi," akasema. "Jogoo wake amewaamsha waumini ambao mimi nimeshindwa kuwaamsha miaka yote."

(Shingo, kwa taarifa yenu, haikubaki.)

Walipoondoka nikafungua laptop haraka nimwambie Pavel aondoe ile sauti. Nikakuta watu wa kila pembe ya dunia wameshaandika maoni yao. Mmoja anasema hajawahi kuamka mara moja hivyo maishani. Mwingine anauliza huyo mama anasema nini, kwa sababu haelewi neno lakini anatii.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hao wote wananisikia mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Kamishna?"

"Na Kamishna."

Akaangalia lile bakuli la mifupa.

"Basi usitoe," akasema. "Ndama imezaa. Lakini kuna kitu tulisahau. Leta hiyo simu niwaambie pia watandike vitanda."

Tafadhali msicheke. Na kama kesho alfajiri simu yako itakuambia utaingia kwa sufuria, amka tu, huyo ni mama yangu.