Samaki wa Ukingo wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Nafasi ya ukuu wa kikosi cha mto iko wazi, na ni yangu. Ni Mkuu wa idara tu ambaye bado hajajua. Tumebaki wawili: mimi na Miwani, mwenzangu wa meza ya dirishani, anayechonga penseli hata zikiwa zimechongoka. Mkuu ametupa kona moja ya mto. Kila mtu amepima kina na kasi ya maji kivyake, akailisha kompyuta, kompyuta ikachora ramani ya mahali samaki wanapopenda kukaa. Ijumaa wavu utatupwa kila upande. Mwenye ramani ya kweli ndiye bosi. Yangu inasema samaki wako ukingo wa kulia. Ya Miwani, kushoto. Maskini! Nimemwambia asijali, nitakuwa bosi mwenye huruma.

Jumanne, 10 Juni
Balaa. Nimekwenda mtoni kuonja ushindi. Kulia hakuna kina! Changarawe tupu, na maji ya kulowesha vifundo. Kina kiko kushoto, na samaki hupenda kina. Nimekaa juu ya jiwe nikafikiri mpaka jasho likanitoka. Sisi wapima mito tuna kanuni ambayo hata mfagizi wa ofisi anaijua: kushoto na kulia huhesabiwa ukitazama maji yanakokwenda. Siku ya kupima, jua lilinichoma machoni. Nikageuka, nikatazama yanakotoka. Mto mzima nimeuchora kinyume!

Mke wangu anasema niende kwa Mkuu nikaseme, ramani igeuzwe, yaishe. Mbele ya Miwani? Thubutu! Kama samaki hawako kulia, watahamia kulia.

Jumatano, 11 Juni
Gunia la mikate mikavu. Nimelimwaga lote kulia. Samaki hawakuja. Walikuja bata wa jirani, kisha yangeyange, kundi kwa kundi, wakala mkate, wakala na vidagaa viwili vitatu, ambavyo ndivyo pekee vilivyokuwa vimeniunga mkono. Bata mmoja amenifuata mpaka ofisini. Miwani akauliza kwa upole kama ni mtaalamu mgeni. Nimeuma meno. Sikati tamaa ng'o.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikuwa nakosea. Samaki haitwi, maji ndiyo yanayohamishwa! Nimemchukua shemeji, kaka yake mke wangu, mtu wa nguvu asiyeuliza maswali. Tumejaza mchanga kwenye magunia ya mama mkwe, yale anayouzia chakula cha kuku, tukayapanga juu kidogo ya kona kuziba upande wa kushoto. Mama mkwe nimemwambia ni kazi ya ofisi. Gambuti zimejaa maji, kiuno hakinyooki, ndala ya shemeji imekwenda na mto. Lakini mkondo umegeuka! Maji yanapita kulia kwa kishindo. Shemeji akauliza swali lake la kwanza mwaka huu: je, samaki wenyewe wameambiwa kwamba wanahama? Nikamwambia abebe gunia.

Ijumaa, 13 Juni
Wavu wa kulia: tawi moja, na ndala ya shemeji.

Wavu wa kushoto: sijapata kuona. Kumbe samaki, walipoona kulia maji yanakimbia hivyo, walijazana wote kwenye kile kina kilichotulia nyuma ya magunia yangu. Wavuta wavu walishindwa kuuinua. Mkuu akasema tangu aanze kazi hajaona ramani sahihi kama ya Miwani. Nimemkusanyia mimi, kwa mgongo wangu! Kisha akauliza magunia yenye jina la duka la mama mkwe wangu yamefikaje pale. Shemeji, aliyekuja kutafuta ndala yake, akamjibu. Kwa kirefu.

Jumatatu, 16 Juni
Miwani ndiye bosi. Agizo lake la kwanza: nirudie kupima kona yote, naye atasimama nyuma yangu anielekeze pa kutazama. Alilitoa bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimeumia, siwezi kuficha. Mama mkwe anataka magunia yake, tena yakiwa makavu.

Mke wangu anasema angalau nimejifunza. Nimemwambia ndiyo, sana. Magunia yalikuwa machache. Ramani yangu haina kosa. Mto ndio uliokaa vibaya. Mchana nimepita kuulizia tingatinga la kukodi. Mwenye nalo anasema hajawahi kugeuza mto, lakini barabara amegeuza. Tumeelewana.