Uchunguzi Wangu wa Kasri la Godefroid

Jumapili, 12 Aprili

Iandikwe na ihifadhiwe: kuanzia leo, mimi Callixte sinywi tena chai ya baada ya misa kwenye meza anayokaa Godefroid.

Amerudi kutoka kwa dada yake Denmaki na simu iliyojaa picha. Kasri la wafalme. Kanisa dogo ndani ya kasri. Godefroid kwenye kiti cha mfalme, eti mlinzi aligeuka kidogo. Kisha pigo: Alain, ambaye binti yake Mélissa ataposwa karibuni, akasema msemaji wa familia awe Godefroid. Mtu aliyeingia kwa mfalme atajua kuongea na wakwe. Na mimi niliyesema kwenye posa zote za mtaa wetu wa Gulfton? Nitapokea makoti ya wageni. Mwezi wa tano. Kwenye joto la Houston.

Nilimuuliza Godefroid swali moja tu: ng'ombe wa mfalme walilala wapi? Akasema hakuona zizi. Ngoma je? Hakuona ngoma. Mfalme bila ng'ombe wala ngoma, kwetu si mfalme! Niliondoka bila kuaga.

Jumanne, 14 Aprili

Nimei-zoom picha ya kanisa mpaka macho yakauma. Nyuma ya sikio la Godefroid kuna kibao: EXIT. Kwa mfalme! Mke wangu Capitoline anasema hata wafalme hutoka nje. Binti yetu Inès hakuinua hata kichwa: "Papa, just ask him." Watoto hawajui uchunguzi.

Ghalani, Heritier tunayefanya naye kazi kanipa habari. Huko Mansfield, jimbo letu hili hili, kuna kasri lenye minara na kanisa, linakodishwa kwa harusi. Nikaangusha boksi. Denmaki gani! Huyu ali-drive kwa saa nne tu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemwambia Capitoline naenda kubadilisha oili. Nimekwenda Mansfield na Heritier.

Mapokezini kuna mama wa Kikongo, Esperance, mchangamfu mno. Hilo nikalitilia shaka. Akauliza, "Papa, ni mariage ya nani?" Nikasema ya Inès. Inès ana miaka kumi na minne. Akaleta keki za kuonja. Nilizila zote kwa ajili ya ukweli.

Kanisani nikagonga ukuta. Mbao! Dirisha la vioo vya rangi: lile lile. Heritier akatazama picha, akatazama dirisha. "Kaka, ile iko na simba. Hii iko na jogoo." Nikamweleza kwamba picha ikipita WhatsApp inaharibika. Akanipiga picha nimekaa kwenye kiti chao cha enzi cha maharusi, mkao wa Godefroid kabisa. Ushahidi huo.

Jumapili, 19 Aprili

Mpango wa baada ya misa: Alain aione picha yangu kwanza, halafu nimlipue Godefroid. Alain akaitazama. Akasimama, akaomba watu wanyamaze.

"Jamani, Mzee Callixte naye alishafika kwa mfalme, na hakuwahi kujisifu."

Makofi. Capitoline hakupiga. Aliuliza kama siku hizi oili inabadilishiwa Ulaya. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, Mungu ni shahidi. Ndipo Alain akasema mtu mnyenyekevu hivi ndiye msemaji. Ukweli ukarudi tumboni. Godefroid aliitazama picha kwa muda mrefu, akanipa hongera. Kwa nini hakubisha? Ana jambo.

Jumamosi, 2 Mei

Siku ya posa, ukumbini Stafford. Suti mpya. Hotuba yote kichwani, inaanza: nilipokuwa kwa mfalme.

Wakwe wametoka Mansfield, foleni ikawachelewesha. Wa kwanza kushuka ni shangazi wa bwana harusi. Esperance! Akanikumbatia mbele ya Alain. "Papa Inès! Kasri yetu uliipenda? Mtoto anaolewa lini?"

Inès alikuwa anapanga viti. Akaacha kupanga. Capitoline akaomba funguo za gari. Alain akaniambia kwa upole, mzee, mpe Godefroid kipaza sauti.

Godefroid hakucheka hata kidogo. Asiyecheka hapo ndiye aliyepanga. Yeye na Esperance ni kitu kimoja, na Jumatatu naanza kumchunguza huyo dada wa Denmaki, kama yupo.

Hotuba, hata hivyo, hakuna aliyeitoa. Wakwe walifika saa kumi na nusu, salamu zikala nusu saa, na ukumbi ulikodiwa mpaka saa kumi na moja.