Mstari wa Kwanza Ulioniumbua

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na mmoja na ukuta mmoja. Nawahadithia mwenyewe, ndugu zangu wa kundi hili, kabla shemeji yangu Chande hajaniwahi. Yeye atatia chumvi, na kisa chenyewe kimeshakolea.

Mnajua kuwa nafundisha fiqhi madrasani tangu nikiwa fundi umeme bandarini, na tangu nistaafu muda unaobaki naumalizia kwenye kompyuta. (Wastaafu wenzangu wanacheza bao. Hawaumbuki hivi.) Mnajua pia shida ya Mwalimu Mwanahawa, mkuu wa madrasa yetu. Mwaka jana aliuchapa mtihani kwa programu iliyokuwamo kwenye kompyuta ya ofisi, na kila Kiarabu kilipokutana na Kiswahili katika mstari mmoja, maneno yalirukiana. La mwisho likawa la kwanza. Watoto waliosoma wakakosa, wazazi wakaja juu.

"Maalim," aliniambia, "sisimami tena mbele ya wazazi kwa dhambi ya karatasi."

Kamati ya madrasa nayo ikakata shauri: karatasi ya mtihani ionekane imekaa sawa leo baada ya Alasiri, la sivyo mtihani uahirishwe mpaka korosho ziishe. Na korosho zikianza, watoto wote wako mashambani na wazazi wao. Wakirudi wamesahau hata udhu.

Nikasema, "Niachieni mimi."

Kuna programu ya kuandikia, ya bure, ambayo Kiarabu na Kiswahili hukaa humo kama majirani wema. Watengenezaji wake hawakupi programu iliyokwisha kuiva. Wanakupa maandishi yake ya ndani, wewe unaiamuru mashine yako iyageuze yawe programu. Wenyewe wanaita kujenga. Wiki iliyopita niliijenga kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, inayotumia Linux, bila kugusa chochote. Mistari ikapita kwenye kioo, mimi navuta tasbihi. Mizunguko mitatu, programu ikafunguka. Nikamshukuru Mungu, kisha nikavimba kichwa kidogo. (Si kidogo.)

Leo asubuhi nikaenda kuijenga kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo ni ya Windows. Kila aina ya mashine huweka vitu vyake mahali pake, kwa hiyo kwenye faili la maelekezo ya ujenzi palitakiwa kubadilishwa mstari mmoja, wa ishirini na kitu huko chini. Nikalifungua faili, nikaanza kama ninavyoanza kila andiko, nikabadilisha nilichotakiwa, nikahifadhi. Nikashika tasbihi.

Sikufika hata punje ya tatu. Mashine ikaandika: kosa, mstari wa kwanza. Ikasimama.

Nikautazama mstari wa kwanza. Nikausoma herufi kwa herufi, kama ninavyosahihisha mbao za watoto. Mzima kabisa. Nikajenga tena: kosa, mstari wa kwanza. Nikaizima mashine, nikaiwasha. (Ndiyo dawa niliyoitumia miaka thelathini bandarini.) Kosa, mstari wa kwanza.

Nikaona huu ni ukaidi wa mashine moja. Nikapanda bajaji hadi Mikindani kwa Bi Rukia, mwenye duka la vitambaa. Yeye ana Mac, aina nyingine kabisa. Nikamwomba niitumie kidogo.

Mac nayo ina mahali pake pa kuweka vitu. Nikachukua faili jipya, nikalianza inavyostahili, nikabadilisha ule mstari mmoja wa chini, nikajenga. Kosa, mstari wa kwanza.

"Maalim," Bi Rukia akaniuliza huku akipima kitambaa cha mteja, "mbona unaikodolea macho mashine yangu kama imekuvunjia heshima?"

"Si mashine yako, Bi Rukia. Ni watengenezaji wa programu. Wamekosea."

"Uliniambia ile ya nyumbani kwako ilikubali."

"Ile imenizoea."

Mwenzenu nilisema hivyo. Mtu mzima, mwalimu wa fiqhi.

Baada ya Adhuhuri nikaketi ofisini nikawaandikia watengenezaji barua pepe. Kiingereza changu ni cha bandarini, hakina mapambo. Nikawaambia kwa upole kwamba kazi ya bure nayo ni amana, kwamba mstari wao wa kwanza ni mbovu, na kwamba kuna watoto wanangoja. Nikaambatanisha faili ili waone aibu yao kwa macho yao.

Alasiri ikaswaliwa. Kwenye ukumbi wa madrasa wakakaa walimu wanne na wajumbe saba wa kamati, shemeji Chande akiwa mbele kabisa, miguu kainyoosha. Kompyuta ya ofisi ikaunganishwa na ile mashine inayomulika picha ukutani. Mwalimu Mwanahawa alikuwa amekumbatia daftari la maswali. Alikuwa ananitazama mikono.

Nikawaeleza kwamba programu imegoma, lakini wenye kosa nimeshawaandikia. Nikafungua barua pepe. Jibu lilikuwa limeshafika.

"Mnaona," nikasema. "Wamekuja kuomba radhi. Mwalimu Mwanahawa, wewe Kiingereza chako kimenyooka. Tusomee, wote wasikie."

(Niliomba mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu.)

Mwalimu Mwanahawa akasoma kimya kwanza. Kisha akakohoa.

"Anasema anashukuru kwa barua yenye adabu. Anasema amelitazama faili. Mstari wa kwanza una maneno ambayo wao hawakuyaandika, na hajui maana yake. Mashine inayachukulia kuwa ni amri, na haijui namna ya kuitekeleza."

"Hakuna maneno yaliyoongezwa," nikasema. "Nimeukagua mstari huo tangu asubuhi." Nikalifungua faili pale ukutani, kubwa, kila mtu aone.

Juu kabisa, mstari wa kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe: Bismillahi Rahmani Rahim.

Wote kumi na mmoja wakausoma.

Ndugu zangu, nilisomea Msimbati kwa mwalimu ambaye ukimpelekea ubao usioanza kwa jina la Mwenyezi Mungu alikuwa anauosha wote, hata kama umeandika kwa wino wa siku nzima. Tangu hapo sijaandika kitu bila maneno hayo. Orodha ya sokoni ninaianza hivyo. Magunia ya mihogo nimeyaandika hivyo. Mkono unakwenda wenyewe.

Shemeji Chande akavuta miguu. "Subirini kwanza. Huyo bwana anataka tufute Bismillahi?"

Wajumbe wawili wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kama ni hivyo mashine irudishwe kwenye boksi lake. Nikaona mtihani unakwenda mashambani na watoto.

"Hajasema tufute," akasema Mwalimu Mwanahawa. "Hapa chini anasema, kama maneno hayo ni muhimu kwako, weka mbele yake alama ya reli, ile tunayobonyeza tukiangalia salio la simu. Mashine ikiiona inajua kwamba mstari huo ni wa binadamu, inapita bila kuugusa. Maneno yanabaki palepale."

"Huyo ana heshima," akasema Chande, akanyoosha tena miguu.

Lakini mimi bado nilikuwa na kiburi kidogo cha kumalizia. "Hata hivyo," nikasema, "huu si mstari wa kwanza. Wa kwanza ni huu unaofuata. Huo ndio niliokuwa naukagua. Bismillahi ni mlango tu, haihesabiwi."

Mwalimu Mwanahawa akageuka taratibu. Alipita darasani kwangu akiwa binti wa miaka tisa.

"Maalim, Bismillahi ni aya ya ngapi katika Alhamdu?"

Nikalitazama zulia.

"Ya kwanza," nikajibu.

"Nani alitufundisha?"

"Mimi."

"Ukasemaje kwa asiyeihesabu?"

"Nikasema sura yake ina upungufu, na swala yake nayo."

Chande akajipiga paja. "Kumbe mashine ni ya madhehebu yetu! Kosa mstari wa kwanza, kosa mstari wa kwanza, inakufundisha fiqhi tangu asubuhi, shemeji."

Wakacheka hadi imamu akachungulia kujua kuna nini. Nami nikaweka reli mahali pake, nikajenga, nikashika tasbihi. Mizunguko minne, ile mashine ni nzito. Programu ikafunguka ukutani. Mwalimu Mwanahawa akafungua daftari lake, akachapa swali la kwanza, Kiarabu na Kiswahili katika mstari mmoja. Hakuna neno lililomruka jirani yake. Akachapa la pili, la tatu, kisha akafuta jicho kwa ncha ya ushungi. Mtihani ni Jumamosi, inshallah.

Swali lenyewe la kwanza, la Alhamdu hiyohiyo, lilisomeka hivi: Suratul Fatiha ina aya ngapi, na ya kwanza ni ipi?

"Maalim naye apewe karatasi," Chande akasema. "Akae nyuma, asiwaibie watoto majibu."

Jioni hii nimemwandikia yule bwana kumwomba radhi. Barua nimeianza kama kawaida yangu, na safari hii Bismillahi nimeihesabu.